Mama Prezida na Beseni la Shule

Kwa miaka yote niliyomfahamu, Mama Prezida hakuwahi kuvuka mlango wa darasa. Alifika kizingitini, akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, akasema alilokuja nalo, akaondoka. Mikutano ya komite ya wazazi ilifanyika uani kwa ajili yake, hata manyunyu yakianza. Sisi walimu tulijibana ndani karibu na mlango, yeye akabaki nje anatuongoza huku maji yakimchuruzika shingoni. Wapo waliosema ni heshima, wapo waliosema ni kiburi. Mimi nilidhani anaona haya kwa sababu ya ndala zake zilizojaa mchanga na magamba ya samaki. Nilikosea, na nilikuja kulijua kosa langu akiwa amebakiza miezi michache tu ya kuishi.

Jina lake ninalo, lakini hapa Kalundu, bandari ya Uvira, hakuna aliyelitumia. Alikuwa muuza ndagala, wale samaki wadogo tunaowaanika juani, na alikuwa rais wa komite ya wazazi wa shule yetu ya msingi, hiyo iliyo juu kidogo ya bandari. Kwa hiyo Mama Prezida, basi. Hata baada ya kumwondoa kwenye urais watu waliendelea kumwita hivyo, na rais mpya akabaki kuitwa kwa mali yake, yaani Tajiri.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mota za boti. Alijifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na kile cha juu alikifungua na kukifunga upya kila alipotaka kugombana. Watu wa bandarini walikijua kitenge hicho vizuri. Kilipofunguliwa, wachukuzi walitua magunia wakajiweka tayari kusikiliza. Nilimwona akigombana na mapolisi, na wenye boti, na padri mmoja, na bomba la maji lililokauka. Hakutukana hata siku moja. Alirudia tu neno lake kwa utulivu, mara ya tano, mara ya kumi, mpaka mtu akachoka akamkubalia.

"Minye siko na haraka," alisema, yaani mimi sina haraka. "Minye niko na beseni."

Beseni hilo lilikuwa la plastiki, la bluu, limepasuka ukingoni na kushonwa kwa waya. Nilipoanza kufundisha, mshahara wa serikali ulikuwa kitu cha kusikia kwa majirani. Tuliishi kwa minervali, ile ada ya wazazi, na mtoto ambaye kwao hawajalipa alirudishwa nyumbani. Kila Jumatatu direkta, mwalimu mkuu wetu, aliingia na karatasi, akasoma majina, watoto wakakusanya vitu vyao. Mama Prezida, ambaye wakati huo hakuwa rais wa chochote, alikuwa akiwaona wanashuka ufukweni saa tatu ya asubuhi na madaftari kichwani, wasijue waende wapi. Siku moja alipanda na lile beseni limejaa ndagala wabichi, akalitua mlangoni kwa direkta.

"Weye direkteri, ukipata franka ya bazazi, unaendaka kununua nini?"

"Chakula, mama."

"Chakula gani?"

Direkta akalitazama beseni. "Ndagala."

"Sasa juu ya nini unatuma mutoto atafute franka, na ndagala iko hapa?"

Basi ndivyo ilivyoanza. Kila apolo, yaani ile mitumbwi iliyofungwa pamoja na kwenda ziwani na taa, ikirudi alfajiri iligawia shule beseni moja, limefutwa juu kwa mkono, lisipungue wala lisizidi. Sehemu walikula walimu, sehemu iliuzwa ikaleta chaki na mabati. Wasio na boti walitoa nguvu zao. Wachukuzi walipandisha mawe ya msingi, akina mama walipandisha mchanga. Hakukuwa na Jumatatu ya majina tena. Tulikuwa maskini kama zamani, tena tulinuka, na wenzetu wa shule za mtaa wa Nyamianda walitucheka kwamba chaki yetu ina magamba. Tuliwaacha wacheke. Mbalamwezi ilipowaka samaki hawakuvutwa na taa, mabeseni yakakauka, na sisi tukakaa na njaa. Ndiyo maana mitihani yetu ilipangwa siku za giza, walimu wakiwa wameshiba. Nadhani hakuna shule nyingine duniani iliyokuwa na kalenda ya namna hiyo, na ninajivunia.

Mwanzoni hatukuwa na mabenchi. Kila mtoto wa darasa la kwanza alikuja na jiwe lake bapa kutoka ziwani, akalikalia mwaka mzima. Mtoto alilijua jiwe lake kama anavyoijua kalamu yake, na ukikaa kwenye jiwe la mwenzio ilikuwa ngumi. Kumbukeni mawe hayo, maana nitayarudia.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mchoyo wa sifa. Sikumsikia akimwambia mwalimu yeyote ahsante. Alisema wanaume wenye miwani wanajifanya. Alihimiza elimu kwa watoto wa mji mzima, lakini mjukuu wake alipopata pointi nzuri kuliko wote alimwambia, "Sawa, sasa kaanue samaki, mvua inakuja." Aliogopa mbuzi. Aliazima mwavuli wangu mwaka wa kwanza wa urafiki wetu na sijauona mpaka leo.

Tajiri alimjua kuliko sisi wote. Huyo alikuwa na apolo nyingi kuliko mtu yeyote pale ufukweni, na watoto wake walisoma kwetu. Siku moja ya mwanzo alituletea beseni lenye samaki wazima juu na waliooza chini. Mama Prezida alizoea kuzamisha mkono mpaka kiwiko, kisha kuunusa. Siku hiyo aliunusa, hakugusa hata kitenge. Aliwapeleka nyumbani wale waliooza, akawapika vizuri kwa nyanya na mawese, akarudi adhuhuri na sahani iliyofunikwa. Alimkuta Tajiri amekaa na mabaharia wake.

"Karibu, papa. Hii ndiyo mualimu ya mutoto yako anakula. Onja, ujue kama iko na chumvi."

Harufu ilifika kabla ya sahani. Mabaharia waliangalia ziwa. Tajiri alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka, kwa sababu mama alisimama palepale na sahani mkononi, na aliendelea kusimama. Mwisho Tajiri aliita vijana wake wajaze beseni upya, kutoka kwenye apolo bora, mbele ya watu. Tangu hapo beseni lake lilikuwa la kwanza kila alfajiri. Ila aibu ile hakuisahau, na sisi tulikuja kuilipia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sipendi kuliandika.

Ulifika msimu mbaya. Wenye boti kadhaa waliacha kutoa. Walisema wanalisha watoto wa watu wasiotoa kitu. Mama Prezida alizunguka ufukwe mzima kwa maneno, kwa kelele, kwa kitenge, bila mafanikio. Ndipo aliitisha mkutano uani akatoa kanuni yake, na nakumbuka alivyoitamka, taratibu, kana kwamba ameikariri zamani:

"Beseni ya baba, benchi ya mutoto. Mwenye hatoe, mutoto yake hasome."

Ilifanya kazi. Wiki mbili hazikupita, mabeseni yote yakarudi. Walimu tulimpigia makofi.

Halafu ikaja Jumatatu. Kulikuwa na binti wa mchukuzi mmoja, watu waliotoka kwenye uwanda wa Ruzizi na kupanga chumba karibu na bandari. Baba aliumia mgongo akishusha saruji, hakuweza kubeba mawe ya shule wala ya mtu mwingine yeyote. Jina la binti likaingia kwenye orodha, na aliyeisoma orodha ni mimi. Mtoto alisimama. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Na jiwe yangu, mualimu? Niliache?"

Nilimwambia aliache, atalikuta akirudi. Mama Prezida alikuwa mlangoni, ameshika fremu. Binti alipita chini ya mkono wake kabisa, akatoka. Nilingoja mama afungue kitenge. Hakukifungua.

"Kanuni iko kanuni," akasema, bila kunitazama.

Siku ya nne alinijia nyumbani asubuhi, akauliza, "Na ule mutoto?" Nikasema hajarudi. Tulishuka wote wawili mpaka kile chumba. Mlango ulikuwa wazi na ndani kumefagiliwa. Mwenye nyumba alisema wamehama, wamerudi uwandani, hakujua kijiji gani. Mama alikwenda uwandani mara tatu kumtafuta, mara ya mwisho kwa miguu. Hakumpata. Jiwe la mtoto alilichukua darasani, yaani alinituma mimi nikamtolee, akaliweka nje ya mlango, na tangu hapo alilikalia kwenye mikutano yote. Nilipata mabenchi, nikapata mabati mapya, nikapata kuwa direkta. Ile sauti ya "niliache?" sikuipatia dawa. Jina la kijiji chao walilitaja siku ya kuandikisha, lilikuwa kwenye daftari la direkta wa zamani, na daftari lile tulilikuta limeliwa na mchwa. Najilaumu kwa hilo mpaka leo.

Miaka ilipita. Ziwa lilipanda likameza ufukwe wa zamani na madarasa yetu ya chini, tukahamia juu zaidi. Siku ya kuhama kila mtu alibeba kitu, huyu bati, yule ubao. Mama Prezida alibeba lile jiwe tu, akaenda nalo kwake Nyamianda. Kisha serikali ikatangaza kwamba shule ya msingi ni bure. Tulishangilia kama wengine. Lakini walimu wengi wa kwetu majina yao hayakuwa kwenye orodha ya malipo huko Kinshasa, na mwalimu asiye kwenye orodha anakula bure hiyohiyo. Inspekta wa shule alituonya tusimdai mzazi chochote. Mama Prezida alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua kitenge.

"Papa, hakuna mwenye anadai. Samaki inashuka ku boti, inapanda ku shule. Weye unaona franka hapa?"

Inspekta hakuona franka. Beseni liliendelea.

Alipozeeka magoti yalimshinda. Komite ilimchagua Tajiri, na kwa haki kabisa. Alikuwa mtoaji mkubwa. Mama alikaa kwake, akaletewa habari.

Mwaka jana watu wa milimani walishuka kutoka Bijombo wakikimbia vita, wamebeba magodoro na watoto. Wengine walilala kanisani, wengine kwa jamaa, wengine kwenye vibanda vya turubai nyuma ya shule. Watoto wao walikuja darasani kwangu asubuhi moja, wamenawa, wakasimama ukutani. Niliwapanga watatu watatu kwenye mabenchi. Wazazi wao walikuwa wafugaji na wakulima. Boti hawana, ng'ombe wamebaki mlimani au wamechukuliwa, na wengi walikuwa wagonjwa mno kubeba jiwe.

Komite ilikaa. Tajiri hakuwa na ubaya wa wazi. Alisema mabeseni hayatoshi, walimu watakimbia, watoto wetu watabanwa. Yote yalikuwa kweli. Kisha akasema tunayo kanuni, hakuitunga yeye.

"Iko kanuni ya mama mwenyewe. Beseni ya baba, benchi ya mutoto. Ama ilikuwa ya batu bengine tu?"

Aliniangalia mimi. Nikaambiwa nisome majina kesho yake asubuhi.

Jioni ile nilikwenda Nyamianda. Nilimkuta amekaa kitandani, miguu kwenye maji ya vuguvugu. Nilimweleza yote, nikamwomba aitengue kanuni yake, anipe hata neno moja la kupeleka. Halafu akaniuliza kama najua alizaliwa wapi. Nikasema hapa. Akasema hapana.

Baba yake, mtu wa Uvira, alikuwa mchukuzi ng'ambo ya ziwa, bandari ya Kigoma, wakati wa Waingereza. Huko wenyeji walitoza kodi yao wenyewe, na sehemu ya kodi hiyo ilijenga shule na zahanati, ikalipa mwalimu na kununua dawa. Jambo hilo baba yake alilisifu mpaka kufa: kwamba mtu anatoa na anaona kilichotoka. Alimpeleka binti yake shuleni. Alisoma wiki chache, akapewa nafasi mstari wa mbele kwa sababu alikuwa mfupi. Kisha akaja karani na kitabu. Kila mtoto alitaja baba yake, na karani akatafuta stakabadhi ya kodi.

"Baba yangu alikuwa na karatasi," akaniambia. "Ila ilikuwa ya Babelgiji, ya huku Uvira. Karani hakukuwa mubaya, mualimu. Alinishika mukono polepole. Akasema, mutoto, hii chaki ni kodi ya hapa, na kodi ya baba yako ilienda ng'ambo. Akanifikisha mu mulango. Akafunga."

Walipovuka kurudi Uvira, huku wakamwambia hakuanzia hapa, na ni mkubwa mno. Ikaishia hapo.

"Ndiyo sababu huingii?"

"Nilisema siingie mu darasa ya mutu mpaka banikaribishe. Hakuna mwenye alinikaribisha." Akatoa mguu mmoja majini, akaukausha vizuri. "Ile beseni nilitoa kwao, unajua? Fikiri yote ni ya kwao, na ilikuwa fikiri nzuri. Nilibeba vyote. Nikabeba na ile karani."

Nililia, sioni haya kusema. Miaka yote hiyo nilikuwa ndani, nikamwona mtu anashika mlango wangu, na sikuwahi kumwambia ingia mama. Nilimwambia wakati huo, kwa kuchelewa. Alisema tu, "Nenda ulale. Kesho fanya kazi yako."

Asubuhi niliingia darasani na karatasi. Tajiri alisimama mlangoni na wajumbe wawili wa komite. Watoto wa Bijombo walikuwa wameshajua. Wamekumbatia madaftari vifuani. Nilifungua karatasi. Sikuwa na ujasiri, nataka hilo lieleweke. Ningelisoma lile jina la kwanza.

Nje tukasikia ndala. Mama Prezida alikuwa anapanda kilima, mjukuu wake amemshika kiwiko, na kichwani ana beseni la bluu. Alipumzika mara mbili. Alipofika, Tajiri alisogea kumpisha, nadhani kwa mazoea tu. Mama akashika fremu ya mlango. Akaniangalia.

"Ingia, mama," nikasema. "Karibu ndani."

Akaingia. Alipita katikati ya mabenchi mpaka mstari wa mbele, mjukuu akamsaidia kutua beseni. Hakukuwa na samaki ndani. Kulikuwa na jiwe. Aliliweka sakafuni mbele ya watoto wa Bijombo, akalikalia, goti moja baada ya jingine, akapanga vitenge vyake.

"Anzia na minye, mualimu," akasema. "Baba yangu hakutoa."

Alimgeukia Tajiri bila kupandisha sauti. "Ile kanuni iko yangu, papa. Nilikosa. Leo ninaibeba, ninaitupa mu ziwa. Kama unataka kuiokota, unitoe hapa kwanza. Weye mwenyewe, na mukono yako."

Tajiri alisimama. Nilimwona akiangalia lile jiwe, maana naye alikuwa na watoto waliokalia mawe yale, kisha akaangalia miguu ya mama iliyovimba. Wale wajumbe wawili walisubiri aseme. Alikohoa. Alivaa kofia yake, akashuka kilima, na wenzake wakamfuata.

Niliikunja karatasi nikaiweka mfukoni. Nikachukua chaki. Nilifundisha hesabu, vibaya sana, na Mama Prezida alikaa mpaka kengele, mgongo wima, akifuatisha kwa midomo watoto walipojibu. Wakati wa kutoka nilitaka kumbebea jiwe mpaka kwake.

"Liache," akasema. "Iko na mwenyewe. Atalikuta."

Kesho yake saa kumi na mbili nilishuka ufukweni kupokea mabeseni. La kwanza lilikuwa la Tajiri. Nilizamisha mkono mpaka kiwiko, nikanusa. Walikuwa wazima mpaka chini.

Mama tulimzika mvua zilipoanza. Jiwe liko mstari wa mbele, na mwaka huu linakaliwa na mtoto mmoja mfupi wa Bijombo. Sijamtoa mtoto yeyote darasani tangu siku ile.